Gari Linazimika Nikiendesha Mimi

Februari 3

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi vizuri na miwani yako iko usoni, si kichwani. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tulipoongea nilikuuliza habari za mgongo ukanijibu kwamba mmeshauuza. Mpaka leo sijui mliuza nini. Basi tuandikiane, maana macho yako yanakutii kuliko masikio.

Sisi hatujambo. Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa kumi na moja, sasa anatembea kwa fimbo na kulalamika kwa sauti kubwa. Urefu wote ule, akiketi kwenye kochi akaunyoosha mguu, sisi wengine tunavuka sebule kwa kuruka. Daktari amemwambia asahau klachi kwa mwaka mzima. Ndiyo maana lile gari lake jekundu la viti viwili, lile ulilomfungia nyaya miaka kumi na minane iliyopita, sasa naendesha mimi. Naenda nalo hospitali kila asubuhi, na wagonjwa wakiniona nachomoka kule chini wananiuliza kama nami nimekuja kutibiwa kiuno. Nawaambia hapana, mimi ndiye mwenye dawa.

Sasa hilo gari, mjomba, linazimika. Si kuzimika kwa kukataa kuwaka. Kuwaka linawaka vizuri, nusu ya ufunguo tu. Linazimika nikiwa njiani. Mishale yote ya dashibodi inalala, injini inanyamaza, nahesabu moja, mbili, halafu linarudi kama halikufanya kitu. Limefanya hivyo mara nne tangu mwaka uanze. Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya mzunguko wa barabara, nyuma yangu lori la mchanga. Dereva wa lori alinipigia honi ambayo hata wewe ungeisikia.

Nimelipeleka kwa yule fundi wa koti jeupe, yule tunayemwita Daktari, mliyekuwa naye gereji moja. Alikaa nalo siku tatu, akazunguka nalo mji mzima, akapanda nalo kilima na kushuka nalo kwa rivasi. Halikuzimika hata mara moja. Faida niliyopata ni kwamba nililikuta kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, nikapigana nacho mpaka miguu ifike kwenye pedali.

Mume wangu anasema nimechoka tu. Hilo neno "tu" limenikaa moyoni. Naomba uniambie tuanzie wapi.

Ni mimi mpwa wako, ninayepigiwa honi na mji mzima.


Februari 20

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba sana. Tulichouza ni jenereta. Mgongo bado ninao, hakuna aliyeutaka.

Huku kwa mwanangu naishi vizuri, isipokuwa mkamwana wangu amenipiga marufuku kulehemu nyaya kwenye meza ya chakula. Amenitengea kona ya baraza na stuli moja. Nimekuwa mstaafu kweli kweli. Mwambie mumeo goti ni bawaba tu, alipake subira.

Tuje kwenye gari. Hitilafu inayokaa ni rafiki wa fundi. Unaikuta pale pale ulipoiacha jana. Hii inayokuja na kuondoka inataka mtu mwenye subira ya paka anayevizia panya. Kwa hiyo usikimbilie kubadilisha vitu. Nunua daftari. Kila likizimika andika siku, saa, jua au mvua, barabara ya lami au ya mashimo, ulikuwa unakata kona au umekanyaga breki, na tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani. Halafu kuanzia leo endesha taa za mbele zikiwa zimewashwa hata mchana, watu watakucheka, waache wacheke. Likizimika, tazama ukutani au nyuma ya gari lililo mbele yako kama taa zako bado zinawaka. Piga na honi. Ukinijibu hayo nitajua ugonjwa uko kwenye betri au uko mbele ya ufunguo au nyuma yake, na hapo tutakuwa tumeshakata mji mzima na kubakiwa na mtaa mmoja.

Jambo la mwisho, mwambie Daktari wa koti jeupe, na umwambie kwa maneno haya haya. Popote atakapoona nyaya zimezungushiwa utepe wa kijani, hapo ulipita mkono wangu. Asifungue. Kazi yangu nilifanya mara moja na haijawahi kurudi gereji. Atafute kwingine.

Na wewe acha kusikiliza "tu" za mumeo. Gari halijui kama umechoka.

Mjomba wako wa stuli moja.


Machi 14

Mjomba,

Shikamoo. Salamu zako zimefika, na mume wangu amenuna kuambiwa ana bawaba. Binti yetu amepata kazi ya kufundisha, anakaa hukohuko shuleni, nyumba imebaki ya watu wawili na fimbo.

Daftari ninalo. Tangu nilipokuandikia limezimika mara saba zaidi. Mvua haimo, mara sita kati ya hizo kulikuwa kukavu. Joto nalo si hoja, mara mbili ilikuwa asubuhi na injini bado ya baridi. Nne lilizimika kwenye matuta pale mbele ya shule, mbili nilipokanyaga breki, moja sijui. Taa za mbele zinabaki zinawaka, mjomba, nimeziona kwa macho yangu mgongoni mwa gari la maziwa. Honi inalia. Kinachokufa ni injini na mishale tu.

Nilimsomea Daktari haya yote, akasema kama betri ni nzima basi ni swichi ya ufunguo. Akaweka mpya. Siku ya tatu likazimika. Akasafisha kikasha cha fyuzi kwa mswaki, akabana kila kilicholegea. Wiki moja kimya, nikaanza kumpenda, siku ya nane likazimika. Utepe wako wa kijani ameukuta sehemu tatu: nyuma ya dashibodi, kando ya betri, na chini ya zulia upande wa dereva. Kila alipouona alirudisha mkono kama mtu aliyeguswa na moto. "Hapa amepita mzee," anasema, na anafunika.

Lakini kwake halizimiki. Analiendesha kutwa, kwake ni malaika. Mume wangu naye alijilazimisha kuingia mara mbili akae pembeni yangu, magoti karibu na kidevu, mara zote mbili gari likaenda kama saa. Alipokuwa akitoka kwa shida kama mtu anayevuliwa kiatu kinachobana, aliniambia, "Mke wangu, chukua likizo." Na kila nikilitoa gereji nakuta kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, napigana nacho mpaka miguu ifike kwenye pedali.

Nina swali. Je, dereva anaweza kulizima gari yeye mwenyewe na asijue? Nimeuliza tu.

Ni mimi mpwa wako wa taa za mchana.


Aprili 2

Mpwa wangu,

Marahaba. Hongera kwa binti, mwambie babu yake anataka barua yenye makosa machache kuliko ya mama yake.

Umefanya kazi nzuri. Taa zinawaka na honi inalia, maana yake betri ni nzima na ugonjwa uko baada ya ufunguo, kwenye njia inayopeleka umeme kwenye injini na mishale. Huo ndio mtaa wetu. Daktari apime njia hiyo yote kuanzia swichi, ila palipo na utepe wangu apaache, hapo ni pazima.

Sasa nisaidie mambo mawili matatu yasiyo na haraka. Juzi nilibishana na mwanangu juu ya mlango wa nyumba yetu ya zamani, ulikuwa rangi gani vile? Na mwaka ule marehemu mama yako alipoanguka akavunjika mkono, ulikuwa mkono gani? Tena unalalaje siku hizi? Kazini hawajalalamika kitu?

Na ukipata nafasi, chukua mia utoe saba, kisha utoe saba tena, hivyo hivyo mpaka ziishe, uniandikie majibu. Inanisaidia kupata hesabu ya mizunguko ya injini.

Mjomba wako.


Aprili 25

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za nyumbani nitaziweka mwisho, hasira zikiniachia nafasi.

Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano, hamsini na nane, hamsini na moja, arobaini na nne, thelathini na saba, thelathini, ishirini na tatu, kumi na sita, tisa, mbili. Mlango ulikuwa wa buluu kwa nje na wa kijivu kwa ndani kwa sababu rangi iliwaishia. Mama alivunjika mkono wa kushoto, na wewe ndiye uliyeiachia ngazi. Umeridhika?

Mizunguko ya injini! Mimi ni mfamasia, mjomba. Nilikuwa nimeketi pembeni ya mama siku ile daktari alipompima kumbukumbu na kumwambia atoe saba kwenye mia. Alipata tisini na tatu, akatabasamu, halafu akamuuliza daktari kama ameshakula. Nilimshika mkono mpaka tukatoka. Na wewe unaniletea hesabu ile ile kwenye bahasha!

Haya. Kwa kuwa umeshaanza, niseme nilichokuwa naficha, maana mume wangu sijamwambia. Siku ile ya kwanza kwenye mzunguko wa barabara, injini iliporudi, nilikuta mkono wangu uko kwenye ufunguo. Sijui ulifika pale kabla ya gari kuzimika au baada. Najitahidi kukumbuka, na kila nikijitahidi napata jibu tofauti. Mama naye alianza hivyo. Alikuwa anazima jiko chini ya sufuria, halafu anaapa kwamba hakuligusa, na alikuwa anaapa kwa moyo mweupe. Alikuwa na miaka hamsini na minne. Mimi ninatimiza hamsini na mitatu mwezi wa nane.

Kama mkono wangu unazima gari bila mimi kujua, mkono huohuo unapima dawa za watoto. Nukta moja tu ya kipimo ikikaa pasipo pake, basi. Nimemwomba mkuu wangu anihamishie stoo, nimemdanganya kwamba miguu inavimba. Sasa nahesabu maboksi. Kabla ya hapo nilikuwa nasoma kila lebo mara tatu, foleni inafika mlangoni, muuguzi mmoja akaniuliza kama nimeanza kujifunza kusoma. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, imebaki tarehe. Miaka ishirini na sita, mjomba, na ninaipenda ile kazi.

Gari nalo nimelitoa kwa Daktari jana, hajaona kitu, na kama kawaida nimekuta kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho, nikapigana nacho mpaka miguu ifike kwenye pedali. Asubuhi ya leo limezimika kwenye matuta. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Nadhani ilikuwa kwenye usukani.

Wewe ulimwona mama mwanzoni, kabla yetu sote. Naomba unijibu jambo moja na usinizungushe. Kama nimeanza, utaniambia?

Nafasi ya salamu haikubaki.

Mpwa wako.


Juni 9

Mpwa wangu, mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilinifikia tarehe tatu ya mwezi uliopita. Usimlaumu tarishi. Ilikaa chini ya mto wangu wiki tano, nami nilianza kukujibu mara nne nikachana zote nne. Niliogopa. Hayo ndiyo maelezo, sina mengine.

Nikueleze ninavyozisoma barua zako. Nazisoma mara mbili. Mara ya kwanza natafuta hitilafu ya gari. Mara ya pili natafuta hitilafu yako, tangu siku ulipouliza kama dereva anaweza kuzima gari asijue. Mama yako alipoanza aliniandikia juu ya fundi cherehani aliyemharibia gauni. Barua iliyofuata, gauni. Ya tatu, gauni, kwa maneno yale yale, koma kwa koma. Niliona, nikanyamaza mwaka mzima nikijiambia dada yangu amekasirika sana juu ya gauni. Sijajisamehe. Na zako nilipozipanga mezani, nikakuta kiti. Februari kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Machi kiti kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Aprili kiti, tena miguu mpaka ifike kwenye pedali. Mwanangu, nilizikunja nikazima redio.

Juzi mkamwana wangu alinikuta nazo barazani. Akauliza, nikamweleza yote, akazisoma. Akasema, "Baba, mtu akikuta kiti kimerudishwa nyuma mara tatu, si atasema mara tatu?" Nikamwambia wewe hujui ugonjwa huu. Akasema, "Ugonjwa siujui, lakini mimi nami mfupi. Nikikuta kiti cha gari nyuma namna hiyo nitakisema mpaka nife."

Akaenda zake jikoni. Mimi nikabaki na kiti.

Sikiliza sasa, na msomee Daktari. Miaka kumi na minane iliyopita wezi walikuwa wanazoa magari mtaani kwenu, nikamwekea mumeo swichi ya siri nyuma ya kiti cha dereva. Njia ya umeme inayotoka kwenye ufunguo niliishusha chini ya zulia, nikaipitisha kwenye reli ya kiti, ikafika kwenye swichi, ikarudi. Mumeo alikuwa amekaa kitini wakati napima. Nilipima kwa miguu yake, mwanangu. Ule mwisho wa mbele wa reli niliuona uko wazi, kiti hakifiki pale, nikapitisha waya hapo hapo na kuuzungushia utepe wa kijani. Haikunijia kabisa kwamba siku moja gari lile litaendeshwa na mtu mwenye miguu ya ukoo wetu.

Daktari ni mrefu. Mumeo ni mlingoti. Wote wakiendesha, kiti kiko nyuma, waya unapumua. Wewe ukiketi unakivuta mbele mpaka mwisho, mguu wa kiti unaukanyaga waya wangu, na kila tuta na kila breki inautafuna zaidi. Nami ndiye niliyemwambia fundi asifungue. Miezi minne nimemkataza mtu kutazama mahali pekee pa kutazama, kwa kiburi tu.

Lakini usiniamini mimi, nimeshakosea vya kutosha. Fanyeni hivi. Gari lisimame, Daktari aliwashe, atoke. Wewe usiingie. Simama nje, mbali, mikono yako uweke mahali unapoiona. Daktari asukume kiti mbele mpaka mwisho, kisha akikandamize kwa mikono yake kama vile kuna mtu amekikalia.

Na swali lako: ndiyo, nitakuambia. Mama yako nilimficha. Wewe nilianza kukuficha wiki hizi tano, na ninakuomba radhi.

Mjomba wako.


Juni 24

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena, na nyingine mpelekee mkamwana wako huko jikoni. Sisi hatujambo. Hatujambo kabisa.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilimsomea mume wangu yote, hata yale ya mkono kwenye ufunguo, hata ya stoo na barua ya kuacha kazi. Kisha akachukua fimbo yake akasema, "Kesho nakwenda na wewe."

Jumamosi tulifika gereji mapema. Daktari alinisikiliza amevaa koti lake jeupe, nikamsomea ile sehemu ya utepe wa kijani. Akaniomba nimsomee tena. Halafu akaliingiza gari uani, akaliwasha, akatoka, akaniuliza nitasimama wapi. Nikasimama kando ya pipa la maji, hatua kumi hivi. Mikono nikaiweka mbele yangu, kiganja juu ya kiganja, nikaitazama. Mume wangu naye aliitazama. Sijawahi kutazamwa mikono namna ile tangu siku ya kuvishwa pete.

Daktari akainama mlangoni, akavuta kile chuma cha kiti, akakisukuma. Tak, tak, tak, kikaenda mpaka mwisho. Injini ikaendelea kunguruma. Mjomba, sikufichi. Nikajiambia basi, ndiyo hivyo, ni mimi. Kisha akaweka viganja vyake viwili juu ya kiti, akakandamiza.

Kimya.

Mishale ikalala. Taa za mbele zikabaki zinawaka ukutani mwa gereji. Daktari akanigeukia macho yamemtoka kabisa, akasema, "Mama, mikono yako iko wapi?" Nikamwonyesha. Alirudia mara tano. Kiti nyuma, gari linawaka na kunguruma hata akiruka juu ya kiti. Kiti mbele, akikandamiza, linakufa. Mara tano limezimika, na mara zote tano mimi nilikuwa kando ya pipa. Mara ya tano nikaketi juu ya tairi lililokuwa pale, nikalia na kucheka kwa pamoja, makamasi kila mahali, mfamasia mzima. Mume wangu alishindwa kuinama, goti, akanipiga piga kichwani kama anavyopiga mpira. Akasema, "Nilisema umechoka tu. Nimekosea." Mjomba, miaka thelathini ya ndoa, neno hilo nalisikia mara ya kwanza. Nilimwomba alirudie, akakataa.

Daktari aliuliza kama namruhusu kufungua kwa niaba yako. Nikamruhusu. Utepe wenyewe ulikuwa mzima kwa juu, ulitufunga macho sote. Chini yake ngozi ya waya ilikuwa imeliwa, na ndani zilibaki nyuzi mbili za shaba zinashikana kwa huruma. Ameondoa kile kipande chote, amepitisha waya mpya ubavuni mwa gari mbali na reli, na ametumia utepe mweusi. Wa kijani anasema hawezi kuuvaa mtu mwingine. Hakucheka alipokuwa anasema hivyo, kwa hiyo usijione umechekwa.

Ule mkono kwenye ufunguo nimeufikiria sana tangu Jumamosi. Gari limezimika, lori liko nyuma, mkono wa dereva uende wapi kama si kwenye ufunguo? Ulikwenda kuliwasha. Ulikuwa mkono wenye akili kuliko kichwa kilichokaa miezi mitano kikiushuku.

Jumatatu nilimwambia mkuu wangu ukweli wote. Alinitazama, akatoa ufunguo wa dirisha la dawa kwenye droo yake. Hakuwa amempa mtu mwingine ule ufunguo. Nimerudi. Siku ya kwanza nilisoma lebo mara tatu kwa mazoea, siku ya pili mara mbili, leo nimesoma mara moja, vizuri, kama mtu anayejua kusoma. Gari nalo nimepita nalo kwenye matuta ya shule kila asubuhi, kiti kikiwa mbele kabisa, taa zimezimwa. Halijakohoa.

Najua ugonjwa wa mama haujaniapia kwamba hautakuja. Ukija nitakuwa na watu wa kuniambia, na wewe wa kwanza, umeshaahidi kwa maandishi. Nimejiandikisha kupimwa kila mwaka, kwa daktari wa kweli, asiye na spana mfukoni. Lakini aliyekuwa analizima gari si mimi. Nimeisema sentensi hiyo bafuni, nimeisema njiani, nimemwambia hata mgonjwa mmoja asiyejua naongelea nini, akaniambia pole.

Kuhusu kuniomba radhi. Ule waya nimekusamehe siku hiyohiyo, nani angepima gari kwa miguu yangu. Zile wiki tano nilikuwa nafungua sanduku la barua kila jioni nikikuta tupu, nikajua umeshajua na unashindwa kunitamkia. Zilikuwa wiki mbaya kuliko gari lenyewe. Nimekusamehe nne. Ya tano nitakusamehe uso kwa uso, nakuja mwezi wa nane, naendesha mwenyewe.

Ni mimi, mpwa wako, mfupi, mwenye akili zangu zote.